Mkataba ulisema 1,200,000, kwenye akaunti ikaingia 758,000

Anti habari za huko. Mimi ni msichana wa miaka 27, nakuandikia kutoka Malaba, upande wetu wa Uganda. Nafanya kazi kwa ofisi ya klearingi, zile za kutoa mizigo forodha, lori likifika mpakani sisi ndo tunahangaika na makaratasi yake mpaka livuke.

Mpaka Machi nilikua kwa mzee mmoja mwenye ofisi ndogo hapa hapa, alikua ananipa 850,000 kila mwisho wa mwezi kwa mobail mani, hakuna slipu hakuna nini, anasema tu hiyo ni yako, mambo ya kodi atamalizana nayo yeye. Chai ya saa nne ilikuwepo na posho (ugali wetu) na maharage mchana bure. Sasa hawa wapya wakaniita intavyu, ofisi kubwa, ina AC, yule wa HR akaniuliza unataka ngapi, mimi nikajikaza nikasema milioni moja na laki mbili, moyo unapiga nikijua atacheka. Kweli akacheka lakini akasema sawa, hapo hapo, hata hakunibembeleza anishushe! Nilitoka pale nikamnunulia boda wangu soda. Nikampigia kaka yangu nikamwambia kuanzia sasa fiizi ya mtoto wako mdogo niachie mimi.

Mshahara wa Aprili umekuja, nikaona 758,000. Nikadhani wamenikata juu ya siku, lakini nilianza tarehe 1. Wa Mei umekuja, tena 758,000. Nikaomba slipu, imeandikwa hivi: mshahara 1,200,000, PAYE (kodi ya mshahara) 262,000, NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) 180,000, inayobaki 758,000. Nikarudi kwa mkataba nikasoma vizuri, kweli 1,200,000 iko lakini chini yake kuna maneno "ukipunguzwa makato yote ya kisheria" na kipengele kingine kinasema mchango wa NSSF wa asilimia 15 utatoka kwa mshahara wa mfanyakazi. Nilisaini zote, kurasa saba, kwa dakika kama tano hivi.

Nina binamu yangu ng'ambo ya pili, Malaba ya Kenya, yeye ameingiza 1,200,000 yangu kwa kalkuleta fulani ya kwa simu akaniambia wananiibia vibaya sana, niende nimkabili bosi nimwambie waliniahidi milioni moja na laki mbili mkononi. Kaka naye anasema niache upuzi nirudi kwa mzee wangu wa 850,000 kabla hajapata mtu. Na mimi nimebaki katikati, kazi yenyewe naipenda, bado niko probesheni, yaani kipindi cha majaribio. Anti, wananiibia ama ni mimi sikuelewa? Nifanye nini?

Wa 758, Malaba

---

Mdogo wangu, pole, na jibu la swali lako ni vyote viwili. Hukuelewa, na wanakuibia pia. Shida ni kwamba unataka kwenda kupigania kile ambacho hukuibiwa, na kile ulichoibiwa hujakiona bado, kiko kwa hiyo slipu na umekiandika mwenyewe kwa barua yako ukakipita.

Nimetengeneza mishahara ya watu miaka mingi kabla sijaanza kazi hii ya kujibu barua, na kile kicheko cha HR nakijua. Ukiulizwa unataka ngapi ukataja namba tupu, kila mtu anaisikia kwa sikio lake. Wewe ulisikia neti, yaani ile inayoingia mkononi (si neti ya mbu, ingawa ukiikosa utaumwa vilevile), yeye akasikia grosi, yaani mshahara mzima kabla serikali na NSSF hawajatia mkono. Alicheka kwa sababu uliomba karibu kile kile ulichokua unalipwa ukadhani umeruka hatua tatu, subiri nitakuonyesha.

Tuanze na PAYE maana hiyo ndo imekushtua zaidi na hiyo haina kosa. Viwango vyetu tunavyovitumia tangu Julai 2012 vinapanda kwa ngazi. Shilingi 235,000 za kwanza za mwezi hazina kodi kabisa. Kutoka hapo mpaka 335,000 unalipa asilimia 10, hiyo ni 10,000. Kutoka 335,000 mpaka 410,000 unalipa asilimia 20, hiyo ni 15,000. Sasa una 25,000. Kilicho juu ya 410,000 ndo kinakatwa asilimia 30, na kwako kilicho juu ni 790,000, asilimia 30 yake ni 237,000. Jumlisha na ile 25,000 unapata 262,000. Hiyo hiyo ya kwa slipu, hata shilingi moja haijapotea. (Wale wanaopita milioni 10 kwa mwezi wana ngazi nyingine juu yake, hao waniandikie siku yao, leo niko na wewe.)

Na huyo binamu wa ng'ambo mwambie asante lakini afunge hiyo kalkuleta. Ni ya Kenya. Kule wanakata vitu ambavyo kwetu havipo, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ya nyumba asilimia 1.5, ngazi zao za kodi ni zingine, na NSSF yao inatolewa kwanza ndo kodi ipigwe kwa kinachobaki. Huku kwetu PAYE inapigwa kwa grosi nzima, mchango wako wa NSSF haupunguzi kodi hata kidogo. Wengi wa mpakani mnakosea hapo kwa sababu soko ni moja na maneno ni hayo hayo, NSSF huku NSSF kule, PAYE huku PAYE kule, lakini hesabu inaishia pale getini.

Sasa njoo kwa NSSF, hapa ndo nilipoweka chai chini. Slipu yako inasema 180,000. Gawa kwa 1,200,000, ni asilimia 15. Mchango wa NSSF ni asilimia 15 kweli, lakini sheria imeugawa, mfanyakazi anatoa 5 na mwajiri anatoa 10, na hiyo 10 inatoka mfukoni kwa mwajiri JUU ya mshahara wako, haitoki ndani yake. Yako ni 60,000. Zile 120,000 zingine ni za bosi, na amezichukua kwako ili akulipie. Kwa hiyo hata kwa mshahara huo huo wa grosi 1,200,000 ulipaswa kupokea 878,000. Miezi miwili, wana 240,000 yako.

Utaniambia lakini anti nilisaini, kipengele kipo. Najua, na ndo maana walikiandika, ili ukisoma useme ah basi, kumbe nilikubali. Kusaini hakubadilishi sheria. Mkataba unaweza kukupa zaidi ya kile sheria inachosema, hauwezi kukupa chini yake, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi ile 10 yake hata kama mmeandikiana kwa wino wa dhahabu. Ubaya wa mchezo huu ni kwamba ukiangalia taarifa yako ya NSSF utaona 180,000 imeingia kila mwezi, kama ilivyotakiwa iingie, utafurahi na kufunga simu. NSSF nao wanaona wamepokea 180,000, wametulia. Mahali pekee wizi unapoonekana ni kwa slipu, na ndo maana sehemu nyingi hawakupi slipu mpaka uombe, na ukiomba wanakuangalia kama umeomba figo. Wakati slipu yenye makato yote yameorodheshwa ni haki yako kila unapolipwa, iko kwa sheria ya ajira ya 2006, sio hisani ya HR.

Kwa hiyo hiyo taarifa iangalie leo, lakini ukijua unatafuta nini. App ya NSSF unaingia kwa namba yako ya uanachama. Mwajiri anatakiwa kupeleka mchango wa mwezi kabla tarehe 15 ya mwezi unaofuata haijapita, kwa hiyo wa Aprili lazima uwe umeshaonekana. Ukikuta 180,000, tatizo lako ni moja, wamekupa mzigo wao ubebe. Ukikuta hakuna kitu, hapo ni mengine kabisa, wanakata na hawapeleki, na hiyo usikae nayo hata wiki.

Usiende kumkabili mtu. Uko probesheni, ukiingia kwa hiyo ofisi ya AC ukipiga meza na kusema mliniahidi milioni moja na laki mbili mkononi watakufungulia ukurasa wenye maneno "ukipunguzwa makato yote ya kisheria", utaonekana huelewi chochote, na utakua umechoma hoja yako nzuri kwa sababu ya ile mbaya. Ile ya neti iache kabisa, usiitaje. Andika imeili, sio voisi ya WhatsApp, fupi, kwa adabu, kama mtu anayeuliza: naomba kuelezwa makato ya NSSF kwa slipu ya Aprili na Mei, naona ni 180,000 ambayo ni asilimia 15 ya mshahara, ninavyofahamu mchango wa mfanyakazi ni asilimia 5 yaani 60,000, naomba irekebishwe na tofauti ya 120,000 kwa kila mwezi irudishwe. Basi. Usiandike neno wizi. Mwachie mhasibu mlango wa kutokea, aseme ilikua kosa la eksel, wanapenda sana kusema ni kosa la eksel, na wewe ukubali kwamba ni eksel ilimradi pesa irudi.

Kabla hujatuma ongea na wenzako wawili watatu kimya kimya. Sitashangaa nyote mnakatwa hivyo. Imeili ya watu wanne inasomwa tofauti na ya msichana mmoja wa probesheni. Lakini kama wenzako ni waoga na wana watoto usiwalazimishe, tuma yako.

Wakikataa au wakinyamaza, kuna NSSF wenyewe, wana watu wa kufuatilia waajiri, na kuna afisa wa kazi wa wilaya, kwenu ni Tororo. Beba mkataba, slipu mbili, na taarifa ya benki. Sitakudanganya kwamba ukifika kwa afisa wa kazi bosi atakupenda, hapana, ndo maana nimeiweka mwisho. Lakini wengi wa waajiri hawa wakishaona umetaja asilimia 5 na 10 kwa maandishi wanarekebisha haraka, kwa sababu wanajua kabisa wanachofanya, hawajakosea hesabu.

Sasa tuje kwa kile kicheko. Nikupe fomula moja uiandike nyuma ya simu. Kama grosi yako iko kati ya 410,000 na milioni 10, chukua grosi, zidisha kwa 0.65, ongeza 98,000, hiyo ndo neti yako. Jaribu: 1,200,000 mara 0.65 ni 780,000, ongeza 98,000, inakuja 878,000. Ukitaka kwenda kinyume, yaani unajua unachotaka mkononi na unatafuta grosi ya kuomba, toa 98,000 kisha gawa kwa 0.65. Wewe ulitaka 1,200,000 mkononi, ni 1,102,000 gawa kwa 0.65, karibu 1,695,400. HIYO ndo namba uliyopaswa kumtajia yule HR, na hapo asingecheka, angekohoa. Na ile 850,000 ya mzee wako, ukiigeuza kwa fomula hiyo hiyo inatoka grosi ya karibu 1,157,000. Unaona? Umehama kutoka 1,157,000 ukaenda 1,200,000. Umeongezwa 43,000 za grosi, mkononi ni 28,000. Nusu ya hiyo ulimnunulia boda soda.

Kumbuka hiyo 0.65 siku ya kumaliza probesheni, maana utakaa nao tena mezani. Kila laki wanayokuongeza kwa grosi wewe unaiona kama 65,000. Wakikwambia tunakufikisha 1,400,000 ni 1,008,000 mkononi, uamue kama unaitaka ukiwa unaijua. Na wakikujia na ule ujanja wa kugawa, eti tukuandikie mshahara 700,000 na alawansi ya usafiri na chakula 500,000 ili kodi ipungue, kataa kwa upole, alawansi ya pesa taslimu ya kila mwezi inakatwa PAYE na NSSF vilevile kama mshahara. Wakitaka kweli kukusaidia bila kodi basi wawalishe wote hapo hapo ofisini chakula kimoja, au wakulipie bima ya matibabu, hivyo havikatwi. Pia pesa ya safari wakikutuma Mombasa au Kampala kikazi haikatwi. Na kwa mkataba mpya popote pale, baada ya namba iandikwe grosi au neti, neno lenyewe, kwa sababu "mshahara wa shilingi kadhaa" ukiwa peke yake utasomwa na mwenye nguvu.

Kitu kingine kidogo nisisahau, usije ukaniandikia tena Julai kwa hasira. Kuanzia slipu ya Julai mpaka ya Oktoba utaona mstari mpya, kodi ya huduma ya serikali za mitaa, wengi wanaiita LST. Hiyo ni halali. Inalipwa mara moja kwa mwaka ila wanaigawa kwa miezi hiyo minne, na hata wa mishahara mikubwa haipiti 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo kwa mwezi haiwezi kukukata zaidi ya 25,000. Novemba inapotea.

Halafu kaka yako na ile hoja ya kurudi. Simcheki, hesabu yake si mbaya. Kwa mzee ulikua na 850,000 na unakula bure. Huku hata wakirekebisha ni 878,000 na unanunua posho yako mwenyewe, tuseme 4,000 kwa sahani, siku 26, hiyo ni 104,000, kwa hiyo kwa mkono mtupu mzee anakushinda. Mimi lakini nina swali moja juu ya huyo mzee. Alikua anasema mambo ya kodi anamalizana nayo. Je, NSSF alikua anapeleka? Tangu sheria ilivyorekebishwa 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja tu analazimika kupeleka, zamani ilikua mpaka muwe watano, na wengi wa ofisi ndogo bado wanaishi kwa ile ya zamani au wanajifanya. Kwa grosi ya 1,157,000 ilitakiwa iwe inaingia kwa jina lako zaidi ya 173,000 kila mwezi. Kama iliingia, basi kaka yako ana hoja, mzee alikulipa vizuri kimyakimya na mimi nitamwombea. Kama kule hakuna kitu, basi ile posho na maharage ulikua unailipia karibu 174,000 kwa mwezi, maharage ghali sana hayo, na huku mpya wakirekebisha unapata 878,000 pamoja na 180,000 inayokaa kwa jina lako, ambayo 120,000 yake ni jasho la bosi kweli.

Ukifungua hiyo app kuangalia Aprili, teremka chini mpaka miezi ya kwa mzee. Umjibu kaka yako ukishaiona. Na ile fiizi ya mtoto, mwambie ukweli kwamba muhula huu utachangia nusu.